Injini Inanguruma, Boti Haiendi: Anza Kutafuta Tatizo Chini, Kwenye Propela

Malalamiko ya mialoni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, yanafanana kote Ziwa Victoria upande wa Mwanza, uwe Kirumba, Igombe, Kayenze au umevuka hadi Nansio kule Ukerewe. "Injini imechoka." "Imekosa nguvu." "Inachemsha." Mwenye boti anabadili plagi, anafungua kabureta, anabadili hata mafuta, hela inaisha na boti bado inajikokota. Mara nyingi sana ugonjwa hauko kichwani mwa injini. Uko mguuni, yaani ile sehemu ya injini inayozama majini: kwenye propela, kwenye matundu ya kunyonya maji, na nyuma ya propela pale ambapo uzi wa nailoni hujificha. Ndiyo maana nashauri kila mtu aanzie chini. Ukaguzi wa huko hauhitaji zaidi ya spana, plaizi, kitambaa na muda wa kunywa chai.

Ukitafuta mtandaoni namna ya kusafisha propela, utakutana na maelezo mengi kuhusu vile viumbe vyenye magamba meupe magumu vinavyoganda kwenye vyombo vya baharini. Hivyo ni vya maji chumvi, na Ziwa Victoria ni maji baridi, kwa hiyo havioti hapa. Maadui wa propela zetu ni gugumaji, nyavu, mishipi, mawe, mchanga na utelezi wa kijani. Kuna hali moja tu ambayo magamba hayo yatakuhusu ukiwa Mwanza, nayo ni injini iliyonunuliwa Pwani. Nimeiweka mwishoni.

Kabla hujagusa propela

Zima injini, chomoa kamba ya kuzimia, kisha vua vifuniko vya plagi. Hatua hii ya tatu watu wengi wanairuka. Gia ikiwa imeingia, ukizungusha propela kwa mkono unazungusha na injini yenyewe, na injini yenye joto inaweza kuwaka. Vidole havirudi.

Ukiwa katikati ya maji, shusha nanga kwanza, vaa jaketi okozi, inua mguu wa injini utoke majini, kisha fanya kazi ukiwa ndani ya boti huku mwenzako amekaa upande wa omo, yaani mbele, ili chombo kisilale nyuma. Usizamie chini ya boti kwenye magugu. Mamba na kiboko hujificha humo.

Halafu kuna kichocho. Konokono wanaokieneza wanapenda hasa mahali penye magugu na maji yaliyotulia, yaani pale pale tunapopenda kuegesha boti na kusimama hadi kiunoni tukikwangua. Vimelea hupenya ngozi bila kidonda chochote, na hujaa zaidi majini mchana wa jua. Vuta boti nchi kavu ufanyie huko. Ikibidi uingie majini, toka mapema na ujikaushe vizuri. Kama kazi yako ni ya majini kila siku, nenda kituo cha afya upimwe. Dawa ipo, prazikuanteli, na inatibu.

Dalili: Boti imepungua mwendo ghafla, injini inapiga resi

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayoongoza, ni gugumaji au wavu kwenye propela. Rudisha gia huru, subiri kidogo, kisha ingiza rivasi kwa resi ndogo kwa sekunde chache. Magugu mengi yatafunguka yenyewe. Rudia mara moja. Yakigoma, zima na uinue mguu. Usiendelee kulazimisha mbele na nyuma, maana kama kilichomo ni wavu, kila mzunguko unaukaza.

Mizizi ya gugumaji itazame kwa karibu. Ni myeusi yenye kuelekea zambarau, ina vinyweleo vingi vyembamba, na huwa imebeba matope na vikonokono. Ukitoa majani makubwa na kuiacha mizizi hiyo imelala juu ya matundu ya kunyonya maji, propela itazunguka vizuri lakini baada ya dakika chache injini itachemsha. Kwa hiyo pitisha mkono pande zote mbili za mguu kabla ya kuushusha.

Wavu ni kazi nyingine. Ukate kwa kisu kufuata urefu wa shafti, vipande vidogovidogo, usivute kwa nguvu. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, zimepigwa marufuku lakini bado zimo majini, na uzi wake ukilowa huuoni kabisa, inabidi upapase kwa kidole. Na kama umeingia kwenye wavu wa mtu uliotegwa kihalali, zima injini mara tu unapoona maboya, uinue mguu na uusogeze wavu kwa kasia. Kuupasua kwa propela ni hasara kwenu wote wawili.

Kama propela ni safi na bado injini inapiga resi bila boti kusonga, tazama imefungwaje. Lile bati pana lililo juu ya propela linatakiwa kuwa usawa wa chini ya boti au limeshuka kidogo tu, kama sentimita mbili au tatu. Likiwa juu, propela inavuta hewa badala ya maji, hasa ukikata kona au wimbi likipita. Injini nyingi ndogo zina shafti fupi kwa ubao wa nyuma wa inchi 15, au ndefu kwa inchi 20. Shafti fupi kwenye boti yenye ubao mrefu haitatulia hata ufanyeje. Afadhali kuchonga ubao kuliko kubadili injini.

Inayofuata ni pini au bushi. Injini ndogo hutumia pini laini inayokatika propela ikigonga kitu, na imetengenezwa ikatike ili gia zipone. Beba pini za akiba. Nimeona misumari imewekwa mahali pake, na hilo naliomba liachwe kabisa: msumari haukatiki, kinachokatika ni gia, na gia ni bei ya injini kuukuu.

Injini kubwa kidogo hazina pini, zina bushi ya mpira katikati ya propela. Mpira ukiachia, boti inakwenda vizuri kwa resi ndogo, ukiongeza inateleza. Kuthibitisha ni rahisi. Chora mstari mmoja wa rangi kuanzia kitovu cha ndani hadi cha nje cha propela, endesha boti kwa mzigo wake wa kawaida, rudi utazame. Mistari ikipishana, bushi imekufa. Rudi nyumbani kwa resi ndogo na upeleke propela kwa fundi mwenye mashine ya kukandamiza. Hii haigongwi kwa nyundo.

Dalili: Mwendo umepungua polepole, wiki hadi wiki

Hapa propela huwa inasingiziwa. Chunguza kwanza tumbo la boti. Ghuba ya Mwanza hupokea taka nyingi za mji na mashamba, mwani unashamiri, na boti ikikaa majini inaota utelezi wa kijani unaoshika maji. Sugua kwa brashi ngumu ya plastiki na mchanga laini. Kwa boti ya mbao jihadhari na viungo: ukikwangua kwa chuma unang'oa kalafati inayoziba viungo hivyo, na kesho unateka maji usiku kucha.

Mbao zenyewe hunywa maji. Boti ambayo haijawahi kukauka inaelea chini zaidi, na hakuna propela itakayorekebisha uzito huo. Ivute juu ikauke.

Baada ya hapo ndipo utazame ncha za propela. Mchanga wa ufukweni hula ukingo taratibu, na panga (mabawa ya propela) zilizopukutika huzunguka kwa kasi bila kushika maji. Kama zote zimelika sawasawa, boti haitatetema, ndiyo maana mtu hagundui. Linganisha na propela mpya dukani.

Dalili: Boti inatetema

Mtetemo ulioanza palepale baada ya kugonga kitu una maana panga limepinda au kumeguka. Mwanza mawe hayako nchi kavu tu, yameendelea chini ya maji, na kina cha ziwa hubadilika. Mwaka 2020 maji yalipanda mpaka yakameza fukwe na majengo ya kando. Yakipanda, vitu vinazama na hakuna wa kukuonesha vilipo. Yakishuka, jiwe ulilozoea kulipita juu linakusubiri.

Pima hivi. Shikiza kijiti kwenye mguu wa injini, ncha yake ikaribie kugusa ukingo wa panga. Zungusha kwa mkono, utazame kila panga likipita penye kijiti. Panga moja likiwa mbali na mengine, limepinda. Kisha vua propela na uzungushe shafti peke yake. Ncha ya shafti ikicheza huku na huku, acha hapo. Shafti iliyopinda inaharibu sili (mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia) na beringi kila dakika unayoendesha, na kuinyoosha ni kazi ya karakana yenye mashine.

Kovu dogo kwenye ukingo liondoe kwa tupa laini, utoe kidogo na usawazishe. Panga la alumini lililopinda sana usiligonge likiwa baridi, litapasuka. Linachomewa na fundi anayejua alumini, kisha lazima lisawazishwe uzito. Propela iliyochomewa bila kusawazishwa itakurudishia mtetemo ulioukimbia.

Mtu akikuuliza kati ya alumini na chuma kisichoshika kutu, kwa maji yenye mawe kama haya mimi ninasimama na alumini. Ikigonga inapinda yenyewe. Ile ngumu inapeleka pigo lote kwenye gia.

Dalili: Injini haikojoi, au inachemsha

Ule mkojo unaotoka pembeni ndio ushahidi kwamba maji ya kupoza yanapanda. Ukikatika, au ukitoka mvuke badala ya maji, zima papo hapo. Usisubiri kufika. Na usiimwagie injini maji ya baridi ikiwa imechemka, chuma chenye joto kikipozwa ghafla hupasuka.

Fuata mpangilio huu:

1. Matundu ya kunyonya maji kwenye mguu. Mfuko wa plastiki, mizizi, matope. Hii peke yake inamaliza kesi nyingi.
2. Tundu la mkojo lenyewe. Linazibwa na matope au wadudu wanaojenga humo injini ikikaa. Penyeza kipande cha mshipi mnene. Wakati mwingine injini ilikuwa inapoa vizuri muda wote.
3. Impela, ile pampu ya mpira ndani ya mguu. Mchanga unaila. Anayewasha injini kwenye maji ya goti pale mwaloni anainywesha mchanga kila asubuhi. Sukuma boti kwa upondo hadi penye kina ndipo uwashe. Na usiwashe injini nchi kavu hata kwa majaribio ya sekunde chache, impela bila maji inaungua. Tumia pipa, maji yapite juu ya matundu na juu ya bati, propela ikiwa imevuliwa.
4. Thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini) iliyokwama, au njia za maji zilizoziba ndani ya kichwa cha injini.

Namba moja na mbili ni zako. Kubadili impela kunataka kushusha mguu mzima, na wakati wa kuurudisha fimbo ya gia na shafti ya juu vinapaswa kuingia mahali pake barabara. Kama hujawahi kusimamiwa na fundi ukiifanya, mwite. Namba nne ni ya fundi moja kwa moja.

Dalili: Oili ya gia imekuwa na rangi ya chai ya maziwa

Hili ndilo tatizo ambalo ningependa kila mwenye injini alielewe kwa undani, kwa sababu linaua injini nzima kimya kimya na linazuilika kwa kazi ndogo sana.

Uzi wa nailoni ukinaswa na propela hausimami pale unapouona. Unazungushwa kuelekea ndani, unaingia kati ya propela na mguu, na huko unajifunga kwenye shafti. Msuguano unaupasha moto hadi unayeyuka. Ukivua propela unakuta pete ngumu ya rangi ya majivu, imebana shafti, ina ncha kali za uzi zilizochomoza. Pete hiyo inasukumwa kwenye mdomo wa sili na kuukata. Sili ikikatika, oili inatoka na maji yanaingia. Maji yanachanganyika na oili, beringi zinashika kutu, meno ya gia yanasagana bila kinga. Yote haya boti ikiendelea kwenda kama kawaida. Mvuvi anagundua siku gia inapogoma akiwa mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo vua propela mara kwa mara. Kwa anayevua samaki kila siku nashauri kila wiki, na kila mara unapojua umepita juu ya wavu. Weka kipande cha mbao kati ya panga na bati ili propela isizunguke. Nyoosha pini ya nati, itoe, fungua nati. Zile washa, yaani pete bapa za chuma, na vipande vingine vipange juu ya kitambaa kwa mfuatano vilivyotoka, au vipige picha kwa simu, kwa sababu ile washa nene ya ndani ikigeuzwa au kusahaulika propela itasukuma mguu moja kwa moja. Toa uzi wote kwa ncha ya kisu ukielekeza kisu nje, kamwe si kuelekea sili. Futa, tazama kama kuna oili inayovuja, paka grisi isiyotoka na maji kwenye meno ya shafti, rudisha, na uweke pini mpya. Pini kuukuu iliyokunjwa na kunyooshwa mara kadhaa itakatika, na propela itakwenda kulala chini ya ziwa.

Kuangalia oili: simamisha injini wima usiku kucha ili maji yatulie chini. Asubuhi legeza kidogo skrubu ya chini ya mguu. Yakitangulia maji, au ikitoka oili ya maziwa, sili imekufa. Oili nyeusi inayonuka kuungua imekaa muda mrefu mno. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya skrubu ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho si kawaida hata kidogo, simamisha injini.

Kubadili oili unaweza mwenyewe. Fungua skrubu ya chini na ya juu, iache itoke yote, kisha jaza kutokea chini kwenda juu mpaka oili itokeze tundu la juu. Funga la juu kwanza, halafu la chini, ukiwa na gasketi mpya. Kujaza kutokea juu kunaacha hewa ndani na gia zinabaki kavu. Tumia oili ya gia ya injini za boti, kwa kawaida namba 90 kama kitabu kinavyosema, si oili ya injini ya pikipiki na si grisi. Kila saa 100 za kazi au miezi sita ni muda mzuri. Oili kuukuu irudishe kwenye dumu. Maji haya ndiyo tunayokunywa.

Wapo wanaoona oili ya maziwa, wanabadili oili, wanaendelea, wiki ijayo wanabadili tena. Huko ni kununua oili ya kuzikia gia. Sili zinabadilishwa, na baada ya kubadilishwa mguu unapimwa kwa hewa kama unavuja. Kipimo hicho muachie fundi, hewa ikizidi inazing'oa zile sili mpya. Vilevile ukisikia mlio wa kusaga, au gia inaruka yenyewe ukiwa unaenda, usifungue mguu mwenyewe na usijaribu safari ya mwisho. Vutwa na boti nyingine.

Dalili: Injini iliyotoka Pwani ina magamba meupe na inachemsha

Injini za mitumba kutoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar hufika na vikombe vidogo vyeupe, vigumu, vimeganda mguuni na kuzunguka propela. Viumbe wenyewe wameshakufa kwa kutolewa baharini, lakini magamba hayaondoki yenyewe. Yang'oe kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki, kwa kubinuka, si kwa patasi. Mabaki yafunike kwa kitambaa kilicholowa siki kwa saa kadhaa, magamba ni chokaa na siki inaiyeyusha. Kisha sugua na usuuze sana. Usitumie maji ya betri wala dawa kali ya choo, vinakula alumini kabla ya kumaliza magamba.

Chungulia ndani ya matundu ya kunyonya maji kwa tochi. Magamba mawili tu humo yanatosha kuinyima injini maji.

Ukirudishia rangi, usipake ile ya kuzuia viumbe yenye shaba. Shaba na alumini vikikaa pamoja majini, alumini inaliwa. Ziwani huihitaji hata hivyo.

Kipo pia kile kipande cha chuma cha kijivu kilichofungwa mguuni ili kiliwe na kutu badala ya injini. Cha baharini huwa ni cha zinki, na zinki kwenye maji baridi hujifunika utando ikaacha kufanya kazi. Hapa kinachofaa ni cha magnesi. Usikipake rangi, kikipakwa hakifanyi kitu. Na injini ikirudi baharini kibadilishwe, maana chumvi inakila upesi mno.

Usishangae pia injini hiyo ikiwa na nguvu pungufu kuliko alivyokuahidi muuzaji. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Propela yenye mpindo (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) pungufu kwa inchi moja huipa injini nafasi ya kufikia mizunguko yake, kiasi cha 150 hadi 200 zaidi kwa dakika.

Kama bado inachemsha baada ya yote hayo, chumvi imeganda ndani ya njia za maji na bolti za kichwa pengine zimeshikana na alumini. Usizilazimishe kwa spana ndefu. Bolti ikikatikia ndani, gharama inapanda mara kadhaa. Fundi atazipasha joto na kuzilainisha kwanza. Kwa anayekwenda kununua injini ya aina hii, omba iwashwe kwenye pipa kwa dakika kumi kabla hujatoa hela, utazame inavyokojoa tangu mwanzo hadi mwisho, na ufungue skrubu ya oili ya gia mbele ya muuzaji.